Somo: Jinsi ya kutumia neno "debris" bila kukosea

Hatua ya 1: Tamka sawasawa. Neno hili Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, kwa hiyo "s" ya mwisho haisikiki kabisa. Uingereza husema "DEB-rii" au "DEI-brii", mkazo mwanzoni. Marekani ni "di-BRII", mkazo mwishoni. Shika moja uizoee.

Hatua ya 2: Elewa maana. Ni vipande vilivyobaki na kutapakaa baada ya kitu kuvunjika, kulipuka, kuporomoka au kuzolewa na maji. Matawi na mabati yaliyoachwa na dhoruba ni "debris". Chupa aliyoitupa mpita njia ni "litter".

Hatua ya 3: Sarufi. Hapa ndipo wengi huanguka. Neno halihesabiki, na kitenzi chake ni cha umoja siku zote:

"The debris was cleared before noon." Mabaki yaliondolewa kabla ya saa sita mchana.

Usiandike "a debris", "many debris", "debrises" wala "the debris were". Kosa lina sababu mbili: ile "s" inafanana na ya wingi, na sisi tumezoea kusema mabaki yameondolewa, vifusi vimezolewa. Ukitaka kuhesabu, tanguliza "piece": "a piece of debris", "three pieces of debris". Kwa wingi usio na idadi, "a lot of debris" inatosha.

Hatua ya 4: Jua maneno linayoandamana nayo. Vinavyoanguka kutoka juu ni "falling debris", vinavyorushwa na upepo au mlipuko ni "flying debris". Chanzo hutajwa kwa "from": "debris from the explosion".

Hatua ya 5: Litenganishe na ndugu zake. "Rubble" ni kifusi hasa: mawe, matofali na zege la jengo lililobomoka. "Wreckage" ni mabaki ya chombo kama gari, meli au ndege. "Debris" ni pana kuliko yote mawili, ndiyo maana kipande cha bawa la MH370, ndege ya Malaysia iliyopotea mwaka 2014, kilichookotwa kisiwani Réunion mwaka 2015 kiliitwa "wreckage" na pia "debris", na yote ni sahihi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nimeona "débris", ina alama juu ya "e". Ni kosa?
Jibu: Hapana, ni tahajia ya Kifaransa, na maandishi ya zamani ya Kiingereza huwa nayo. Siku hizi andika bila alama.

Swali: "Debridement" ya hospitali imetokana na neno hili?
Jibu: Hapana, ingawa zinafanana sana. Hiyo ni kusafisha kidonda kwa kuondoa nyama iliyokufa, na asili yake ni kitenzi cha Kifaransa cha kumvua farasi hatamu.

Swali: Taka za jikoni je?
Jibu: Hizo ni "rubbish", au "garbage" kwa Wamarekani. Ila mabaki ya chakula yaliyonasa kwenye meno, madaktari wa meno huyaita "food debris".

Swali: Lazima vipande viwe vikubwa?
Jibu: Hapana. "Space debris" ni pamoja na viwiliwili vya roketi na hata chembe za rangi zilizobanduka. Chembe hizo huzunguka dunia kwa kasi ya kilomita 7 hadi 8 kwa sekunde, na zimewahi kuchimba vioo vya madirisha ya vyombo vya anga.