Kwenda kusoma nje ukiwa na ulemavu: shika futi kamba kwanza, tiketi baadae

Mimi natumia kiti mwendo, na mara ya kwanza naenda nje kwa programu ya kubadilishana wanafunzi nilifanya kosa dogo tu. Niliuliza kwa imeili "chumba changu kinafikika kwa kiti mwendo?" wakajibu ndiyo, bila shida, basi mi huyo nikaanza kufunga mabegi. Nafika, kweli bana, getini kuna mteremko mzuri, lifti ipo, chumba kipana. Ila mlango wa bafu una sentimita 60 na kiti changu kina 66. Sentimita 6! Wiki tatu nikawa naenda kuoga jengo la jirani, taulo begani, na baridi ile, mpaka walivyonihamisha. Na wala hawakunidanganya, kwao kufikika ni wewe kufika mlangoni, basi.

Kwa hiyo usiulize swali ambalo mtu anaweza kulijibu "ndiyo". Uliza mlango wa bafu ukiwa wazi kabisa unabaki upana wa sentimita ngapi, alafu omba picha futi kamba ikiwa imewekwa pale mlangoni. Uliza kitanda kina kimo gani toka sakafuni, ili ujue kama utahama toka kwenye kiti mwenyewe au utahitaji mtu. Kama unatumia mashine ya kunyanyulia mtu, uliza chini ya kitanda kuna uwazi kiasi gani, maana miguu ya ile mashine lazima ipite chini na vitanda vingi vya hosteli vina droo huko, hiyo watu wanaikumbuka wakishafika. Na kabla hujawauliza wao, pima kiti chako: upana mpaka nje ya magurudumu, urefu, kimo kikikunjwa, uzito pamoja na betri. Ziandike kwenye simu, utaulizwa mpaka uchoke.

Mwenzangu usiyeona, maswali yako ni mengine ila mtindo ni ule ule. Usikubali kuambiwa "vitabu vipo kwenye mtandao". PDF iliyoskaniwa kama picha, programu inayokusomea skrini kwa sauti haioni kitu. Omba orodha ya vitabu vya muhula mzima miezi kadhaa kabla, na waulize wanaleta mafaili au nukta nundu. Kuna Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ulianza kazi 2016, unaruhusu nakala za vitabu kwa wasioona zivuke mipaka kati ya nchi wanachama, kwa hiyo kitabu ambacho maktaba ya huko haina kwa mfumo wako kinaweza kutoka nchi nyingine. Mkutubi asiyeujua mkataba huu mtajie mwenyewe.

Viziwi nao wanakutana na hili la mkalimani. Watu wanadhani Marekani na Uingereza wote Kiingereza basi na lugha ya alama ni moja, hapana, hizo ni lugha mbili tofauti kabisa, ya Marekani ina undugu zaidi na ya Ufaransa, hata herufi zenyewe Mwingereza anatumia mikono miwili na Mmarekani mmoja. Sasa ukiandika tu "nahitaji mkalimani wa lugha ya alama" utaletewa mtaalamu kweli kweli ambaye hamuelewani. Taja lugha yako kwa jina, na kama ya huko huijui, omba pia maandishi ya papo kwa papo darasani.

Swali ambalo naulizwa kila siku ni niseme lini kuwa nina ulemavu, wasije wakaninyima nafasi. Msimamo wangu: kama hakuna kinachokulazimisha kusema kwenye maombi, nyamaza, ila siku ile ile umepata barua ya kukubaliwa sema, na useme kwa maandishi. Mambo mawili hayasubiri lakini. La kwanza mtihani wa lugha, kwa mfano IELTS ukitaka karatasi ya nukta nundu wanataka taarifa miezi 3 kabla. La pili ni skolashipu ambayo ina fungu la gharama za ulemavu, hapo ukinyamaza bajeti inapita bila wewe. Erasmus+, ule mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, kwa mfano wana msaada wa ujumuishi unaolipa gharama halisi za ziada, hata za msaidizi, ila uombwe mapema kupitia chuo na uwe na makadirio mkononi.

Hela ndo penye mtego. Sheria ya kukusaidia inaweza kuwepo na ruzuku isiwe yako. Uingereza, Sheria ya Usawa ya 2010 inakibana chuo kifanye marekebisho yanayofaa kwa ajili yako, lakini ile ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wenye ulemavu kwa kawaida mwanafunzi wa kimataifa hapewi, kwa hiyo waulize chuo wana mfuko gani wao wenyewe na wakujibu kwa maandishi. Marekani kuna sheria mbili za kuzuia ubaguzi kwa wenye ulemavu, ADA ya 1990 na Kifungu cha 504 cha 1973, ila pale chuo kikuu hakuna atakayekufuata, unaenda mwenyewe ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu na barua ya daktari inayoeleza unahitaji nini darasani, siyo jina la ugonjwa tu. Kama unaelekea Marekani wapo pia shirika la Mobility International USA, toka 1981 kazi yao ni hii hii, wasome.

Dawa: beba kwenye pakiti zake, na barua yenye jina la kitaalamu la dawa, maana jina la dukani linabadilika nchi kwa nchi. Angalia pia kama inaruhusiwa unakoenda. Japani, dawa za ADHD (tatizo la umakini) zenye amfetamini kama Adderall haziingii hata uwe na cheti cha daktari. Bima nayo, tafuta ile sehemu inayoongelea hali uliyokuwa nayo kabla ya safari, wengi wanaiondoa kwenye malipo kimya kimya.

Haya, ndege. Mashirika yanatumia alama za herufi nne kueleza msaada unaohitaji, na ukipewa siyo yako utateseka. WCHR unatembea na ngazi unapanda ila umbali hapana, WCHS ngazi huwezi, WCHC mpaka kwenye siti unahitaji kupelekwa. Hakikisha ya kwako imeandikwa kwenye kila kipande cha safari, siyo ndege ya kwanza tu. Ulaya sheria inataka uwajulishe saa 48 kabla na huduma ni bure. Betri ya lithiamu inayochomolewa kwenye kiti, kikomo ni wati-saa 300, zikiwa mbili kila moja isizidi 160, piga picha kibandiko chake. Alafu chaja: Marekani umeme ni volti 120, Japani 100, nchi nyingi nyingine 220 mpaka 240, kwa hiyo soma nyuma ya chaja imeandikwa 100-240 au la, kubadilisha plagi peke yake hakuokoi chaja.

Piga kiti picha kila upande dakika unayokikabidhi. Safari za kimataifa zilizo chini ya Mkataba wa Montreal fidia ya mzigo ulioharibika, kiti kikiwemo, ina kikomo, tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha hela cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF), kama dola 2,000 na kidogo, kiti cha umeme mara nyingi ni zaidi ya hapo mara kadhaa. Unaweza kutoa tamko maalumu la thamani wakati wa kukikabidhi, omba fomu kwenye kaunta hata wakikushangaa. Ukikuta kimevunjika usitoke uwanjani bila kuandikisha, na barua ya malalamiko iende ndani ya siku 7.

Ukishafika chumbani, kabla hujafungua begi, muulize msimamizi: moto ukiwaka lifti inazimwa, mimi wa ghorofa ya tatu nashushwa na nani? Mimi safari nyingine nilipouliza, yule dada alinyamaza kidogo, akashika simu, na jioni ile nikahamishiwa chini.