Jinsi ya kuomba fidia ya kuumia kazini kwa watumishi wa umma wa Mwanza na visiwa vyake

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi wanaujua kwa kifupi cha WCF, umetokana na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na ulianza kazi mwaka 2015. Unawahudumia wafanyakazi wa sekta ya umma na ya binafsi Tanzania Bara, na michango yake hulipwa na mwajiri peke yake. Kwa sababu hiyo mtumishi hauoni Mfuko huu kwenye makato ya mshahara wake, na wapo wanaodhani kwamba hawamo. Muuguzi wa zahanati ya Ukara, mwalimu wa Sengerema na dereva wa halmashauri ya Magu wote wamo.

Kinachofidiwa ni kuumia, kuugua au kufariki kunakotokana na kazi. Ofisa uvuvi aliyevunjika mkono akiwa kwenye boti ya doria anastahili. Akivunjika siku ya mapumziko katika shughuli zake binafsi, Mfuko hauhusiki.

Hatua ya kwanza ni kumtaarifu mwajiri, na hapa ndipo madai mengi huharibika. Sheria inakubali taarifa ya mdomo, lakini mimi nashauri iandikwe siku hiyohiyo, ikitaja saa, mahali, kazi iliyokuwa ikifanyika na majina ya walioshuhudia. Kwa mtumishi wa halmashauri, mwajiri ni Mkurugenzi wa halmashauri husika. Taarifa iliyoishia mezani kwa mwalimu mkuu au mganga mfawidhi bado haijafika inakotakiwa, kwa hiyo iombwe ipelekwe mbele na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ibaki mikononi mwako. Mwajiri, akishapata habari, ana siku 7 za kuutaarifu Mfuko. Aliye Ukerewe au kisiwa cha mbali zaidi asisubiri meli: aipige picha barua hiyo, aitume kwa simu kwa ofisa utumishi, kisha nakala halisi ifuate.

Ukifika hospitali, iwe zahanati ya kijiji, Sekou Toure au Bugando, mweleze daktari waziwazi kwamba umeumia kazini na uhakikishe ameliandika jambo hilo katika kumbukumbu zako. Cheti kinachosema tu kwamba mgonjwa ana jeraha la mguu hakimwambii mtathmini jeraha lilipatikana wapi. Ajali ikiwa ya barabarani, pitia polisi upate fomu ya PF3. Muuguzi aliyejichoma sindano naye aripoti na kupimwa papo hapo, hata kama hasikii maumivu yoyote, kwa sababu ugonjwa ukijitokeza miezi kadhaa baadaye, majibu ya vipimo vya siku ile ndiyo yatakayoonyesha kwamba hakuwa nao kabla.

Madai yenyewe huwasilishwa kwa fomu za Mfuko, na kwa kawaida mwajiri ndiye anayeyaingiza kwenye mfumo wake wa mtandaoni. Andaa nakala ya kitambulisho, hati za mshahara, taarifa za daktari, maelezo ya mashahidi, namba ya akaunti ya benki na karatasi inayothibitisha kwamba ulikuwa kazini, kama vile ratiba ya zamu au kibali cha safari. Hii ya mwisho hupuuzwa sana, ilhali ndiyo inayomaliza ubishi. Taarifa ikichelewa kupita miezi 12 tangu ajali itokee, haki inaweza kupotea, kwa hiyo usingoje upone kwanza.

Madai yakikubaliwa, Mfuko hugharamia matibabu na, inapohitajika, utengamao, yaani huduma za kumrudishia mtu uwezo wake baada ya kuumia. Aliyeshindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia baada ya matibabu: usiozidi 30 hulipwa kwa mkupuo, na uliozidi hapo hulipwa kwa pensheni ya kila mwezi.

Mtumishi akifariki, kuna msaada wa mazishi, kisha pensheni ya wategemezi. Mjane au mgane hupata asilimia 40 ya pensheni ambayo marehemu angelipwa kama angepata ulemavu kamili, na kila mtoto asilimia 20, ilimradi jumla isivuke pensheni hiyo. Familia itahitaji cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na taarifa ya daktari kuhusu chanzo cha kifo. Ndugu wengi huanza kushughulikia vyeti hivyo baada ya arobaini, lakini ni vizuri mtu mmoja wa ukoo akabidhiwe kazi hiyo mapema, hasa pale ambapo ndoa ilikuwa ya kimila na haina cheti, kwa kuwa kuithibitisha huchukua muda. Mafao ya PSSSF, yaani mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ni dai jingine kabisa lenye faili lake. Kufungua moja hakufungui la pili.

Mwajiri akikaa kimya, nenda mwenyewe ofisi ya Mfuko jijini Mwanza ukiwa na ile nakala yenye muhuri. Usiporidhika na uamuzi au asilimia ya ulemavu uliyopewa, omba kwa maandishi upitiwe upya, ukiambatisha taarifa ya daktari inayopingana na tathmini hiyo.