Valvu ya hewa ya kujitengenezea inavuja: tafuta kosa kabla ya kununua oringi

Valvu tunayoizungumzia ni ile ambayo fundi wa leithi huichonga mwenyewe ili kuendesha silinda ya kubania au ya kukandamiza: bodi ya brasi yenye shimo la milimita 20, shafti inayoteleza ndani, oringi tatu (pete za mpira za kuziba hewa), matundu matatu. Tundu la kwanza huingiza hewa ya kompresa, la katikati huenda kwenye silinda, la tatu hutoa hewa nje. Oringi mbili za pembeni huzuia hewa isitokee kwenye ncha za shafti. Ya katikati ndiyo yenye kazi ngumu, maana kila ukisukuma au kuvuta shafti inavuka tundu la silinda. Silinda yenyewe hapa ni ya njia moja, inarudishwa na springi.

Ikianza kuvuja, wengi hukimbilia dukani. Oringi mpya inanyamaza siku chache, kisha mlio unarudi, kwa sababu kilichoikata ya kwanza bado kimo ndani.

Na kama bodi yako ni kipande cha bomba la PVC, usiitengeneze. PVC ikipasuka kwa hewa iliyoshindiliwa hurusha vipande vikali kama vya kioo. Chonga nyingine ya brasi.

Hatua ya 1: Jua inavujia wapi

Jaza tangi hadi bar 6, zima kompresa. Changanya kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya vyombo na nusu glasi ya maji, paka kwa brashi kwenye viungo vyote na ncha zote mbili za shafti. Usitafute hewa kwa kidole. Kisha chomeka mpira mwembamba kwenye tundu la kutolea, ncha yake uitumbukize kwenye glasi ya maji, na uangalie mapovu shafti ikiwa upande huu, halafu upande wa pili.

Povu kwenye ncha iliyo karibu na tundu la kuingizia, muda wote: oringi ya upande huo. Povu kwenye ncha ya pili, tena pale tu silinda inapoachia hewa: oringi ya huko. Mapovu kwenye glasi shafti ikiwa upande wowote: oringi ya katikati imekwisha. Mapovu shafti ikiwa upande mmoja tu: oringi huenda ni nzima, ila shimo limekwaruzika mahali hapo, au shafti haifiki mwisho wa safari yake na oringi inabaki imekaa juu ya tundu. Hili la mwisho hutokea sana, na dawa yake ni kusogeza kizuizi cha shafti milimita moja au mbili.

Povu likiwa kwenye thredi, angalia fitingi kabla ya kuongeza tepu nyeupe. Fitingi za mabomba za hapa kwetu Kenya ni BSP (kipimo cha thredi cha Uingereza), lakini baadhi ya zile za kompresa huja na NPT (cha Marekani). Robo inchi ya BSP ina thredi 19 kwa inchi, ya NPT ina 18. Zinaingiana mizunguko miwili mitatu, kisha zinakwama, na hapo hakuna tepu itakayoziba.

Pima pia kiasi cha hewa inayopotea. Tangi la lita 24 likishuka kutoka bar 6 hadi 5 kwa dakika 4, unapoteza lita 24 za hewa ya kawaida, yaani lita 6 kwa dakika. Anza kwa kupima koki ya tangi ikiwa imefungwa. Kompresa nyingi huvuja zenyewe na valvu ikasingiziwa.

Hatua ya 2: Fungua, usome oringi

Funga koki, sukuma na vuta shafti mpaka silinda iishe hewa, ndipo ufungue. Toa oringi kwa kijiti cha kiberiti, si bisibisi. Ishike kwenye mwanga na uizungushe polepole.

Vidonda vidogo kama vya kung'atwa na panya vinatokana na kingo za tundu. Mkato unaozunguka kama springi ni oringi iliyosokotwa kwa kukosa grisi. Bapa upande mmoja: imebanwa kupita kiasi au imepata joto. Imevimba na kulegea: mafuta hayakuelewana na mpira wake. Nyufa nyembamba: ilizeeka kabla hujainunua, pengine ilining'inizwa juani dukani.

Hatua ya 3: Shimo

Chukua soksi nyembamba ya nailoni, ivute ndani ya shimo kwa waya laini. Inaponasa, pana ncha kali ambayo jicho halikuiona. Mara nyingi ni kwenye tundu la silinda, kwa sababu keekee ilipotokeza ndani iliacha ukingo.

Pasua ncha ya kijiti cha mbao, bana kipande cha msasa namba 400, kitie mafuta, kifunge kwenye drili ya mwendo wa polepole. Ingiza na kutoa bila kusimama mahali pamoja. Malizia na namba 800, osha kwa mafuta ya taa, kausha, rudisha soksi. Vuta mpaka ipite bila kunasa.

Kama unachonga upya, usiweke tundu moja kubwa la silinda. Matundu 9 ya milimita 2 yana nafasi sawa na tundu moja la milimita 6, na oringi haizami ndani yake. Yazungushie kola yenye mfereji kwa ndani wa kukusanya hewa.

Hatua ya 4: Mfereji wa oringi

Mfereji ni ule wa kwenye shafti ambamo oringi hukaa, na hapa ndipo valvu nyingi za kujitengenezea hukosea. Oringi inayoteleza yenye unene wa milimita 2.5 inataka kubanwa kama asilimia 12 hadi 15. Kwa shimo la milimita 20, shafti iwe 19.9, sakafu ya mfereji iwe na kipenyo cha 15.7, na upana wa mfereji uwe 3.2 hadi 3.3. Oringi inayofaa ni ya kipenyo cha ndani 15. Mfereji ukiwa na kina zaidi kwa nusu milimita tu, oringi haigusi ukuta. Ukipungua, shafti inakuwa nzito na mpira unaungua. Upana nao una sababu: mpira ukibanwa lazima upate pa kwenda.

Hatua ya 5: Mpira na grisi

Nunua oringi za nitrile, zile zinazovumilia mafuta. Mipira ya breki usiitumie na grisi ya kawaida, itavimba. Tyubu ya baiskeli vivyo hivyo. Mafuta ya kupikia huganda na kunata. Paka grisi kidogo, oringi ing'ae tu. Mdomo wa shimo uchongwe mteremko wa digrii 15 hadi 20, la sivyo oringi itakatwa siku ya kwanza kabisa, wakati wa kuiingiza.

Maji na vumbi

Kisumu, unyevu wa ziwa huingia kwenye kompresa na kugeuka maji tangini. Fungua koki ya chini kila jioni, na weka mtego wa maji kabla ya valvu. Shafti ya chuma cha kawaida hupata kutu yenye vishimo vinavyokwangua mpira. Tumia chuma kisichoshika kutu. Nakuru na Gilgil shida ni vumbi laini kama unga linalosaga kama msasa: osha sponji ya kichujio cha kompresa kila wiki wakati wa kiangazi.

Jaribio la mwisho

Anza na bar 2, kisha 4, kisha 6. Sukuma na vuta shafti mara 50, rudisha mpira kwenye glasi. Povu moja moja kwa dakika linavumilika. Mkururo wa mapovu unakurudisha kwenye soksi ya hatua ya 3.