Bili ya maji ya ghorofa: kuigawa bila kununiana

Kwenye maghorofa ya Mombasa, Tudor hadi Bamburi, majirani hununiana zaidi kwa zile uniti zisizo na mwenyewe. Mita kuu inasema 96, mita ndogo za fleti nane ukizijumlisha ni 84. Hizo 12 nani alipe?

Kwanza isomeni mita sawasawa. Zote zisomwe siku moja, ndani ya nusu saa, keateka akiandamana na mpangaji mmoja, na picha zitumwe kwenye kundi la WhatsApp. Tarakimu nyeusi ndizo uniti (uniti 1 ni lita 1,000). Nyekundu ni vipande, ziacheni. Mita kuu ikisomwa tarehe 28 na ndogo tarehe 2, pengo mmelitengeneza wenyewe.

Likibaki, msianze kuitana wezi. Usiku mmoja, tangi la chini likishajaa, zimeni pampu. Someni mita kuu saa tano usiku, tena saa kumi alfajiri. Ikisogea, ama bomba linavuja kabla ya tangi, ama boya linalofunga maji tangini limechoka na maji yanafurika. Choo kinachovuja sana ndani ya fleti si chanzo cha pengo: hicho husomwa na mita ndogo ya mwenyewe. Maji ya mgao nayo, yakirudi baada ya siku kadhaa, hewa hutangulia bombani na kuizungusha mita kuu bure.

Halafu kuna ujanja wa mtungi. Mfereji unaachwa udondoke tone tone usiku kucha. Mkondo mdogo hivyo mita nyingi hauzizungushi. Asubuhi mtungi wa lita 20 umejaa, mita iko palepale, na wenzake ndio wanaolipa. Ukimjua mwenye mtungi, mpigie hodi mwambie faraghani. Akitajwa kwenye kundi, mtagombana mwaka mzima.

Kugawa ni hivi: kila fleti ilipe uniti zake, pengo ligawanywe sawa, 12 kwa 8, yaani uniti 1.5 kila mmoja. Msigawe kwa idadi ya watu. Shangazi akija kutoka Lamu wiki mbili, tayari kuna mtu ngazini anamhesabu.

Pampu iwe na mita yake ya tokeni. Ya hospawa 1 hula karibu uniti 1 ya stima kwa saa. Ikifanya kazi saa mbili kila siku, mwezi ni uniti 60. Msiiunge kwenye nyumba ya mtu hata mkimrudishia hela za hizo 60, kwa sababu stima ya nyumbani hupanda bei kadiri matumizi ya mwezi yanavyozidi, na uniti zake mwenyewe zitamtoka ghali. Mwezi wa Ramadhani pampu ipigwe alasiri, si wakati watu wanakaribia kufuturu na kila jiko linataka maji.

Mfereji ukikauka mkachangia boza la maji, pimeni. Zimeni pampu, tumbukizeni ufito mkavu mpaka chini ya tangi, tieni alama pale ulipolowa. Rudieni boza likishamimina. Tangi la mita 4 kwa 2.5 hupanda sentimita 10 kwa kila lita 1,000, kwa hiyo boza la lita 10,000 lazima lipandishe mita nzima. Mkipata sentimita 80, mmeletewa 8,000. Dereva aonyeshwe ufito kabla hajalipwa.