Jinsi ya kumpata mtu wa kukujazia ritani ya kodi Marekani

Ritani ikishafika IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, makosa yaliyomo ni yako hata kama hukuijaza wewe. Aliyekujazia anaweza kutozwa faini yake, lakini kodi iliyopungua na riba yake utadaiwa wewe. Kwa hiyo anza kutafuta Januari. Mtaalamu mzuri ana foleni, na anayepatikana kirahisi tarehe 14 Aprili, siku moja kabla ya mwisho, mtilie shaka.

Pima kwanza uzito wa ritani yenyewe. Kama una mshahara mdogo na W-2 moja tu (fomu ya mwaka ya mshahara kutoka kwa mwajiri), huenda huhitaji kulipa mtu: mpango wa IRS uitwao VITA hujaza bure, na wanaojitolea humo hupita mtihani wa IRS kabla ya kushika ritani ya mtu. Ukiwa na biashara, nyumba ya kupangisha, mapato ya majimbo mawili au akaunti ya benki nje ya nchi, tafuta mzoefu.

Hatua inayofuata ni kukagua sifa zake. Kila anayelipwa kwa kazi hii lazima awe na PTIN, namba ya mtayarishaji inayotolewa na IRS: herufi P na tarakimu 8. Namba hiyo haithibitishi ujuzi, kwa sababu hutolewa bila mtihani. Wenye haki kamili ya kukuwakilisha mbele ya IRS, ukaguzi ukija, ni wakili, CPA (mhasibu mwenye leseni ya jimbo) na EA (wakala wa kodi aliyeidhinishwa na IRS). Wengi wa EA wamefaulu mtihani wa IRS wenye sehemu 3, nao hutakiwa kusoma saa 72 kila miaka 3. Mwenye PTIN peke yake hawezi kukusimamia. Tafuta jina lake kwenye orodha ya watayarishaji iliyo katika tovuti ya IRS. Kama ni CPA, hakiki leseni yake kwa bodi ya uhasibu ya jimbo.

Kisha mpigie simu umhoji. Muulize amejaza ritani ngapi zinazofanana na yako, na kama ofisi yake huwa wazi baada ya Aprili. Barua za IRS hufika hata miezi mingi baadaye. Mwenye akaunti nje ya Marekani aulize kuhusu FBAR, taarifa ya akaunti za nje: "Natakiwa kuripoti FBAR?" Mzoefu atataka kujua kwanza kama jumla ya akaunti zote ilipita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka. Akijibu kwamba za nje hazihusu, mshukuru ukate simu. Uliza na bei. Akisema anachukua asilimia ya marejesho, yaani ya kodi unayorudishiwa, mwache: huyo ana sababu ya kuyakuza.

Siku ya kwenda, beba W-2, fomu zote za 1099 (za mapato mengine), 1095-A kama bima yako ya afya ni ya soko la serikali, kadi za Social Security au ITIN (namba ya kodi ya asiye na Social Security) za wote utakaowaorodhesha, na ritani ya mwaka jana. Anayekubali kujaza kwa hati ya mwisho ya mshahara bila W-2 anavunja kanuni za IRS za kutuma ritani kwa mtandao.

Sehemu inayowaumiza wengi ni kusaini. Usisaini fomu tupu. Kabla ya Fomu 8879, inayoruhusu ritani itumwe kwa mtandao, fungua ukurasa wa pili wa 1040, fomu kuu ya ritani. Kwenye mstari wa 35, soma namba ya akaunti ya marejesho tarakimu kwa tarakimu. Iwe yako, si ya ofisi yake. Chini kabisa pawe na jina lake, saini na PTIN. Pakiwa patupu ilhali umemlipa, amejificha, na ritani itaonekana umeijaza mwenyewe. Pekua pia kama kuna Schedule C, fomu ya mapato ya biashara. Wapo wanaobuni biashara ya ususi au ya usafi ambayo mteja hajawahi kuifanya, ili kuongeza marejesho.

Ondoka na nakala kamili. Sheria inamlazimu akupe. Hati zisipotimia kufikia Aprili 15, Fomu 4868 inasogeza tarehe ya kutuma hadi Oktoba 15, ila kodi yenyewe bado hulipwa Aprili.

Ukigundua baadaye kwamba alibadilisha ritani bila idhini yako au alielekeza pesa kwingine, jaza Fomu 14157 pamoja na 14157-A, za kumlalamikia kwa IRS, uambatanishe ile nakala uliyoondoka nayo.