Kupeleka wapiga picha Feri na kurudi nao salama

Kikundi chetu cha kupiga picha ni cha watu wa kawaida: fundi friji, muuguzi, vijana wa chuo, mzee mmoja mstaafu wa reli mwenye kamera kali kuliko zetu zote, na mimi ambaye kazini natunza stoo. Wananiita Mama Stoo, na nadhani ndiyo sababu nikatwishwa kuandaa matembezi. Watu wa vikundi vingine huniuliza tunafanyaje, basi naandika mara moja. Natumia mfano wa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, kwa sababu ukiweza kupeleka watu pale wakarudi na picha, na kamera zao, na bila ugomvi, kwingine kote ni mteremko.

Kwanza nenda bila kamera

Wiki moja kabla, siku ya kazi, anayeongoza aende mwenyewe akiwa na barua. Barua iandikwe kwa Kiswahili chepesi: ninyi ni nani, mko wangapi, mnakuja siku gani na saa ngapi, mnapiga picha za kujifunza na si za biashara, na namba ya simu ya kiongozi. Ipitishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wenu aigonge muhuri, kisha uipeleke kwa uongozi wa soko. Ikikubaliwa toa nakala, kila mmoja awe nayo mfukoni siku yenyewe. Nakala iliyoko kwenye simu haisaidii kitu simu ikizima.

Ukiwa pale omba mtu wa soko wa kutembea nanyi, na mlipe, maana ameacha shughuli yake. Hii ni gharama ambayo wanachama wapya huipinga kila mara, nami sijawahi kuiondoa kwenye bajeti. Swali la kwanza mtakaloulizwa Feri ni "Hizo picha mnakwenda kuziuza wapi?" Jibu lako, hata liwe la kweli namna gani, ni la mgeni. Jibu la mtu wanayempigia "Oya!" kila asubuhi linamaliza maneno.

Siku hiyohiyo angalia mipaka. Soko liko jirani na Ikulu ya Magogoni, ng'ambo kuna jeshi la wanamaji Kigamboni, na mlango wa bandari uko mbele yenu. Waambie watu wenu mapema lenzi isigeuzwe upande gani, na mwanachama mwenye drone aiache nyumbani. Kwenye pantoni ya kwenda Kigamboni kamera zinakaa ndani ya begi. Askari akikusimamisha, shusha kamera, msalimie, toa barua, mwite kiongozi. Usibishane kuhusu haki zako saa hiyo, na usifute picha kwa kujificha. Kufuta kwa kujificha ndiko kunakoleta mashaka.

Saa na idadi

Mwezi wa saba jua la Dar linachomoza kama saa 12:35 asubuhi. Mwezi wa kumi na mbili ni karibu saa 12 kamili. Huku kwetu jua linapanda wima, mwanga laini haukai. Ikifika saa mbili vivuli chini ya kofia vimeshakuwa vyeusi tii. Kwa hiyo tunakutana saa 11:30 alfajiri kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Kivukoni, ambacho ni hatua chache tu kutoka sokoni. Anayechelewa hasubiriwi. Atatukuta ndani, na atampigia simu mtu wake.

Mtu wake, kwa sababu tunatembea wawili wawili. Mmoja akiwa na jicho kwenye kamera, mwenzake yuko na macho kwenye mabegi na njia, maana mikokoteni ya barafu pale haina breki na haiombi radhi. Begi livaliwe mbele. Ukitoka nje kwenda barabarani, mkanda wa kamera uwe umeuzungusha mkononi. Wakwapuaji wa bodaboda wanapenda mtu anayetazama picha zake akiwa kando ya lami.

Tukizidi kumi na wawili tunagawanyika makundi mawili yenye saa tofauti. Sipendi kabisa kuona lenzi saba zimemzunguka mzee mmoja anayeshona wavu. Hata kama amekubali, amemkubali wa kwanza tu. Kanuni yetu: mtu mmoja anapigwa na jozi moja, wengine watafute wao. Soko ni kubwa.

Kila tembezi lina neno moja. Mara ya kwanza Feri neno likawa "mikono", na nalipendekeza kwa yeyote anayeanza. Linawaokoa wenye aibu, kwani kuomba kupiga mikono ya mtu ni kwepesi kuliko kuomba uso wake, na mwisho wa siku picha zinaweza kulinganishwa.

Vifaa

Lenzi moja kwa mtu, ichaguliwe nyumbani. Kubadilisha lenzi kwenye upepo wa chumvi na moshi wa mafuta ni kualika uchafu ndani ya kamera. Simu zinaruhusiwa, tena wenye Tecno zao hufika karibu na watu kuliko wenye mitambo mikubwa. Betri ya akiba, kitambaa safi cha pamba, mfuko wa plastiki, viatu vya kufunika vidole. Sakafu ni maji na utelezi, na kandambili humchongea mtu.

Ukirudi nyumbani futa kamera yote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo cha maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Usiifungie kabatini ikiwa na unyevu. Kwa joto la pwani kuvu hupanda ndani ya lenzi, na kuitoa ni kazi ya fundi.

Kwa wapara samaki

Hapa nitakaa kidogo. Baada ya mnada samaki hupelekwa kwa vijana wa kupara, na hapo ndipo wapiga picha wengi huharibu. Chini ya paa kuna giza, nyuma kuna bahari inayong'aa. Kamera inaona ule mng'ao, inapunguza mwanga, na mtu anatoka kivuli kitupu. Ama umgeukie ili bahari iwe mgongoni kwako, ama uongeze mwanga hatua moja, yaani +1 kwenye kipimo cha mwanga cha kamera. Kwenye simu gusa uso wake kwenye kioo, halafu buruta kile kijua kidogo juu.

Kinyume chake hutokea ukisogea karibu. Uso mweusi ukijaza picha nzima, kamera hudhani kuna giza, inaongeza mwanga, na ngozi inatoka ya kijivu kama iliyopakwa majivu. Hapo punguza, kama theluthi mbili ya hatua. Watengeneza kamera hawakumwazia kijana wa Temeke walipoweka vipimo vyao, kwa hiyo mwazie wewe.

Magamba yanaruka. Ukitaka yaonekane yamesimama hewani, shata, yaani muda kamera inaofunguka, iwe 1/1000 ya sekunde, na chini ya paa hilo itabidi upandishe ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga, mpaka 3200 au zaidi. Kubali chengachenga kwenye picha. Ukitaka mkono uonekane kama upepo huku samaki ametulia, shusha hadi 1/15 na uegemee nguzo. Simama upande wa mkono wake usioshika kisu: humzuii, na magamba mengi yanakwenda upande wa pili. Yatakayokufikia yaache yakauke kwenye nguo. Kwenye kioo cha lenzi usiyasugue, yapulize au yaloweshe kwanza, yana makali.

Fleshi hapana. Mwenye kisu hashtuliwi.

Kuomba

Salamu kwanza, kamera ikiwa imening'inia. Mkubwa wako ni "shikamoo", wala si "mambo". Tazama kidogo, uliza bei ya changu au vibua, kisha: "Naomba nikupige picha ukiwa kazini." Akisema hapana, sema asante na uondoke kweli, usirudi na lenzi ndefu kutoka nyuma ya nguzo. Mtoto hapigwi bila mzazi kusema ndiyo, na pale sokoni mzazi wake mara nyingi hayuko mbali, anakaanga.

Kuweka mtandaoni ni ombi la pili, liulizwe peke yake. Aliyekubali kupigwa picha hajakubali kuonekana na mashemeji zake. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, ni adabu.

Hela ya soda? Watu wetu wanabishana juu ya hili kila msimu. Msimamo wangu ni kwamba hatulipii picha, kwa sababu anayefuata baada yetu atadaiwa zaidi na asiye na hela atafukuzwa. Lakini hatuondoki mikono mitupu: mfuko wa kikundi una fungu la kununua samaki, na tunanunua kwa wale waliotuvumilia. Vibua wangu wengi wa jioni wametoka hivyo.

Chai na kukosoana

Saa mbili na nusu tunatoka. Tunakaa kwa mama ntilie, supu ya pweza na chapati, na kila mmoja anaonyesha picha tatu. Tatu tu, akiwa amezichagua mwenyewe. Mwenye picha hanyanyui mdomo mpaka wengine wawili waseme wanachokiona. Neno "nzuri" ni marufuku, sema jicho lako lilikwenda wapi kwanza. Yule mzee wetu wa reli hushika kipande cha karatasi akaziba ukingo mmoja wa kioo cha simu, kisha mwingine, na mara nyingi picha inapona pale pale.

Ukitaka kubadilisha eneo

Bagamoyo, kilomita kama 70 hivi, tunakodi Hiace na kuchangishana mapema. Kule maji ndiyo saa yako. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani hii hujaa karibu saa kumi na kupwa karibu saa nne. Basi ukitaka mashua zimelala ubavu mchangani, fika asubuhi ya bamvua. Ukitaka zinaelea na jua la jioni, ni bamvua hiyohiyo, saa kumi. Kila siku inayopita maji huchelewa kama dakika 50, na siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, mambo hugeuka. Mchana wa jua kali uutumie kwenye milango ya kuchongwa ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo au magofu ya Kaole, ambako kuna kiingilio, kiwekeni kwenye mchango.

Bahasha

Hili ndilo linalotufungulia Feri kila tunaporudi. Jozi ikishampiga mtu, mmoja anaandika kwenye daftari: jina, zoni (sehemu ya soko anapofanyia kazi), na alama ya kumtambulia. "Juma, zoni ya kupara, kofia ya Yanga, meza ya pili kutoka bombani." Tukiwa kwenye chai namba za picha zinaandikwa mbele ya majina. Wiki inayofuata tunasafisha picha Kariakoo, saizi ya 4 kwa 6, moja kwa kila aliyepigwa, kila moja kwenye bahasha yenye maelezo yake. Tunazipeleka tukiwa wawili, bila kamera, asubuhi ya siku ya kazi. Usichague picha ya kisanii yenye nusu uso gizani. Mpe ile aliyosimama vizuri, atakayotaka mama yake aione.

Asiyepatikana, bahasha anaachiwa kiongozi wa zoni na jina linawekewa alama daftarini. Gharama ya kusafisha inakatwa kwenye mchango kabla ya nauli na kabla ya chai, na chenji ikibaki haigawanywi.