Ziba tundu kwanza, ndipo ufue maji: jinsi ya kukaa samayika, kikao cha utulivu cha Wajaini

Duka la baba lilikuwa karibu na bandari ya kale, Mombasa. Tuliuza kamba, misumari, rangi na pamba ya kalafati, ile ya kuziba nyufa za vyombo. Mabaharia walishangaa kuwa hatuna sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka mbao za chombo, wala ndoana, wala sumu ya panya. Baba aliwajibu kwa upole, "Hiyo utaipata duka la pili, ndugu yangu." Sisi ni Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India. Babu alitoka kijiji kimoja karibu na Jamnagar, Gujarat, na katika dini yetu zimetajwa biashara 15 ambazo muumini anatakiwa kuziepuka, ya sumu ikiwamo, na ya pembe za ndovu pia.

Wanaoniuliza habari za karma wengi huwa wameshajijibu: ukitenda ubaya, Mungu anakulipiza. Kwetu sivyo. Hakuna hakimu anayeandika deni lako, wala hakuna wa kukufutia. Karma kwa Mjaini ni kitu chenye umbo, chembechembe nyembamba mno zilizojaa kila mahali. Roho, tunayoiita jiva, kila inapotikiswa na wazo, neno au tendo, huzivuta kwake. Kinachozigandisha ni unyevu wa roho yenyewe: hasira, kiburi, hila na tamaa. Vumbi likitua juu ya nguo kavu unalikung'uta likaisha. Nguo ikiwa imelowa, linashika.

Mimi jambo hili lilinikaa kichwani ufukweni, si kwenye vitabu. Maji yakitoka, jahazi linalazwa ubavu, na fundi wa kalafati anapita ubao kwa ubao. Anasokota pamba kwa vidole, anaichovya mafuta, anaisukuma kwenye ufa kwa patasi butu, kisha anagonga kwa nyundo ya mti, taratibu, akisikiliza mlio. Mlio ukibadilika anajua ufa umeshiba. Siku moja aliniambia, "Maji hayana uadui na chombo, kijana. Yakiona njia, yanaingia." Nilirudi dukani mbio kumwambia baba, naye akacheka kwa furaha, maana mafunzo yetu ya kale yanatumia mfano huohuo wa chombo. Chombo ni roho, maji ni karma. Maji kuingia ni ashrava. Kutuama ngamani, chini ndani ya chombo, ni bandha. Kuziba tundu ni sanvara. Kuyafua, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, ni nirjara. Chombo kikikauka kabisa, hiyo ni moksha, roho kuwa huru.

Kosa la wanaoanza, nimeliona kwa wengi, ni kushika upo wa kufulia maji huku tundu liko wazi. Mtu anafunga siku zote 8 za Paryushana, siku zetu kuu za mfungo na toba, anakunywa maji yaliyochemshwa tu, na nyumbani hakuna anayethubutu kumsemesha kwa ukali wake. Anafua kwa mkono mmoja na kutoboa kwa mwingine. Kwa hiyo anza na samayika, ambayo kazi yake ni kuziba.

Samayika ni dakika 48, muhurta moja kwa kipimo cha kale cha muda, wala haipunguzwi. Vaa nguo safi za pamba, nyeupe ukiwa nazo. Chagua pembe tulivu, uifagie kwa kifagio laini, tena uangalie vizuri kama kuna siafu au sisimizi, kwa sababu hutaki kuanza kwa kumkalia kiumbe. Tandika kitambaa cha sufu, elekea mashariki au kaskazini. Zima feni. Najua joto la Mombasa, lakini kwetu hata hewa na moto vina uhai wa hisi moja, na kwa dakika hizo unaahidi kutougusa. Simu ibaki chumba kingine. Bibi yangu alipima muda kwa chupa ya mchanga, na mpaka leo naiona bora kuliko saa, kwa sababu haikuiti.

Shika kitambaa mbele ya mdomo, usome Navkara, sala yetu kuu. Sikiliza unachosema: unawainamia walioshinda nafsi zao na wanaofuata njia hiyo, wala huombi mali, afya au mtoto. Ifuate Iriyavahiya, sala ya toba. Hii naipenda kupita zote. Unataja wale uliowaumiza katika kwenda na kurudi kwako: mbegu ulizokanyaga, majani mabichi, umande, mashimo ya wadudu, matope, utando wa buibui. Usiikimbize. Ukifika kwenye umande, kumbuka nyasi ulizopita asubuhi ile. Kisha kula kiapo cha Karemi Bhante, kwamba kwa muda huu hutatenda ubaya wala hutamtuma mtu autende, kwa moyo, kwa kinywa, kwa mwili. Muda uliobaki ni wa kusoma, kuhesabu tasbihi au kukaa kimya.

Hapo ndipo maji yanapoonyesha yanakopitia. Mwaka mmoja nilimfokea kijana wetu wa kupakia mizigo mbele ya wateja, nikidai kaficha bunda la kamba. Jioni nikaliona nyuma ya madebe ya rangi. Nilipokaa samayika, uso wake haukuondoka, na moyo wangu ukaanza kujitetea: mwezi uliopita alichelewa, juzi alinijibu vibaya. Wazo la namna hiyo likija usilisukume, na usilipe chakula. Liite kwa jina lake. Kujitetea kule kulikuwa kiburi, na zile sababu zilikuwa hila. Ukishalitaja, rudi kwenye tasbihi. Litarudi, nawe utalitaja tena. Huko ndiko kusukuma pamba kwenye ufa.

Wiki chache zikipita, ongeza kufua. Tuna tapa 12, yaani njia za kujinyima na kujitakasa, 6 za nje na 6 za ndani, na mfungo ni moja tu kati yake. Mimi humwambia anayeanza ashike unodari: acha kula ukiwa bado una nafasi ya matonge machache. Halafu jaribu kutokula wala kunywa kitu baada ya jua kutua, ambalo kwetu pwani ni kama saa 12 na nusu jioni. Pole pole. Roho imefananishwa na kibuyu kilichopakwa udongo tabaka 8, kwa hesabu ya aina 8 za karma, kikazama hadi chini. Udongo ukiloa na kubanduka tabaka baada ya tabaka, kibuyu kinapanda chenyewe. Hakuna anayekisukuma, kwani kupanda ndiyo asili yake. Nacho hakipandi kwa siku moja.

Ila kama kuna mtu uliyemwona wakati umekaa, usingoje Samvatsari, siku ya mwisho ya Paryushana ya kuombana msamaha, ndipo umwendee. Mimi nilimngoja yule kijana alfajiri kabla mlango haujafunguliwa. Nikamwambia kwa Kiprakriti kwanza, lugha ya kale ya sala zetu, kwa mazoea, "Michchhami dukkadam," kisha kwa Kiswahili: nilikudhulumu, naomba ubaya wangu ule usizae tena. Akanyamaza kidogo, akasema, "Yameisha, bwana." Mchana, wateja wakiwa wamejaa, nikayarudia mbele yao.